Hitilafu Namba Sitini na Tatu

“Hitilafu sitini na mbili,” alisema shemeji yangu, akigonga daftari jekundu kwa ncha ya kalamu, “na leo asubuhi unaniletea ya sitini na tatu.”

“Sijakuletea hitilafu. Nimekuletea nyota.”

“Fundi haleti nyota. Fundi analeta taarifa ya kamera.”

“Basi pokea taarifa ya kamera: kamera ni nzima, na imeona nyota.”

Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Ndivyo afanyavyo anapotafuta maneno. Amemwoa dada yangu miaka kumi na tisa sasa, na tai hiyo nimeiona ikifuta miwani kwenye misiba, kwenye harusi, na siku aliyokwenda kumchukua mwanawe kwenye shule ambayo mwanawe hasomi.

“Na usinitazame hivyo. Hapa kazini mimi si shemeji yako. Mimi ni Mkurugenzi.”

“Ndiyo, Mkurugenzi.”

“Na wewe ni nani?”

“Fundi wa kamera. Mwenye diploma.”

“Vizuri. Tumeelewana.”

Hatukuwa tumeelewana hata kidogo, lakini katibu muhtasi aliyekuwa ameketi pembeni, tayari kuandika, aliinamisha uso kwenye karatasi zake kuficha kicheko. Yeye ndiye aliyenipachika jina la Mama Vumbi, kwa sababu kila jambo likiharibika kwenye taasisi yetu husemwa ni vumbi kwenye kamera, na kamera ni yangu.

Taasisi yetu ina darubini moja, kamera moja, madaktari saba ambao hawawezi kukutibu hata mafua, na mtu mmoja anayejua kamera inafunguliwa vipi. Darubini inajiendesha yenyewe usiku kucha. Inapiga picha eneo moja la anga, inasogea, inapiga jingine. Sisi wote tuko majumbani tumelala. Asubuhi mimi nafika saa moja, na kompyuta inakuwa imeshachukua picha mpya na kutoa ndani yake picha ya zamani ya eneo lilelile. Kinachobaki ni kile ambacho zamani hakikuwepo. Mara nyingi kinachobaki ni takataka. Mara moja moja si takataka. Kazi yote ya taasisi ni kutofautisha hayo mawili, na kwa kazi hiyo tumejengewa ghorofa mbili na ukumbi wa mikutano.

Sasa, kuna waraka. Waraka unasema kwamba mwenye digrii na kuendelea akiona doa geni kwenye picha, anajaza Fomu ya Ugunduzi, kurasa kumi na moja, inayokwenda kwa Kamati ya Uthibitisho. Mwenye diploma akiona doa hilohilo, anaandika kwenye Daftari la Hitilafu. Doa ni moja. Kinachobadilika ni cheti cha aliyeliona.

Mimi nafika saa moja. Madaktari wanafika saa tatu, na hadi saa nne wako kwenye chai. Kwa hiyo kila doa linalotokea kwenye anga hii naliona mimi kwanza, na likishaandikwa kwenye Daftari la Hitilafu haliwezi kuhamishwa, maana waraka unakataza jambo moja kuwa na kumbukumbu mbili. Kamati ya Uthibitisho kwa upande wake inakutana Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi, wakitimia watatu. Katika miaka sita haijathibitisha kitu. Mwenyekiti wake, Profesa, wiki hii hayupo. Amealikwa ng'ambo kutoa mada juu ya umuhimu wa kasi katika ugunduzi.

“Soma,” Mkurugenzi aliniambia, akinisukumia bahasha.

Niliifungua. Ilikuwa barua ya onyo, ya tatu. Ya kwanza nilipewa nilipofikisha hitilafu ishirini, ya pili nilipofikisha arobaini. Kila hitilafu ninayoiandika inahesabiwa dhidi yangu, kwa maana mimi ndiye mwenye dhamana ya kamera. Kwa taratibu zetu, ya tatu ndiyo ya kufungia virago.

“Haina tarehe,” nilisema.

“Haina tarehe bado.”

“Unaweka mtego halafu unaniomba nikusaidie kushika kamba?”

“Naomba unisikilize.” Alimwangalia katibu muhtasi. “Hili usiandike.”

“Sijaandika chochote tangu mlipoanza,” katibu muhtasi alisema. “Nilidhani ni mambo ya kifamilia.”

Mkurugenzi akajikohoza. Jumatatu, alisema, wanakuja wageni wa Baraza, wale wanaoamua kama taasisi iendelee kuwepo ama jengo wapewe watu wa takwimu. Watauliza swali moja tu: katika miaka sita mmegundua nini? Na yeye anatakiwa awe na jibu.

“Una jibu,” nilisema. “Liko kwenye ile picha ya jana usiku.”

“Hilo si jibu, hilo ni doa. Jibu ni hili: kamera ilikuwa mbovu. Ina hitilafu sitini na tatu, zote zimeandikwa, zina namba na saini. Wageni watakuta kamera imefunguliwa mezani, vipande vipande, inasafishwa. Watasikitika, watatuongezea muda. Saa sita mchana utaifungua.”

Ndipo nilipomwelewa. Kamera mbovu ilikuwa ndiyo mtaji wake. Ikiwa kamera ni mbovu, madaktari hawana lawama. Na ikiwa kamera ni mbovu, mbovu ni Mama Vumbi. Daftari langu lilikuwa limewalinda wote miaka sita kama mwavuli, na mimi ndiye niliyekuwa nimeushikilia, tena kwa mwandiko mzuri.

“Andika ya sitini na tatu, saini,” alisema, “na barua hii naichana mbele yako. Usipoandika, naiwekea tarehe ya leo. Nakupa mpaka saa nne.”

Ilikuwa saa tatu na robo.

*

Niseme ukweli: mwezi mmoja kabla ya hapo ningesaini. Nina watoto watatu na mume anayeshona viti vya magari, na mtu hajitii kitanzini kwa ajili ya doa. Lakini mwezi uliopita, nikiwa nasubiri kamera ipoe, nilianza kupekua daftari langu tangu ukurasa wa kwanza.

Kamera ile inafanya kazi ikiwa baridi kuliko barafu yoyote, na kuipoza kunachukua muda wa kutosha kupika maharage mabichi mpaka yaive. Nilikuwa nimemaliza kutazama ukuta. Daftari lina safu za namba, tarehe, maelezo, hatua iliyochukuliwa, saini. Mimi, kwa ubishi wa mtu anayeandika lebo hata kwenye kopo la chumvi, huwa naandika pembeni pia namba ya eneo la anga lililokuwa likipigwa picha. Hakuna aliyeniomba. Na hakuna aliyewahi kusoma.

Hitilafu ya 17: doa jeupe, eneo la mia mbili na nne. Hatua: nimepuliza hewa, nimewasha upya. Matokeo: imejirekebisha yenyewe.

Hitilafu ya 26: doa jeupe, eneo la mia mbili na nne. Imejirekebisha yenyewe.

Hitilafu ya 35. Hitilafu ya 43. Eneo lilelile.

Nilihesabu siku kati yake. Mia tatu na kumi, mia tatu na nane, mia tatu na kumi na moja. Mtoto akipata homa kila Jumapili jioni unajua tatizo ni shule ya Jumatatu, huendi kununua kipima joto kipya. Kamera gani inaharibika kila baada ya siku mia tatu na kumi, mahali palepale, kisha inapona bila kuguswa? Ile ilikuwa nyota inayong'aa na kufifia, na picha yetu ya zamani ilikuwa imepigwa wakati imefifia. Kila ilipowaka, tulishangaa upya na kuipuliza.

Nikaingia kwenye rejesta ya kimataifa, ile ambayo kila anayeona kitu kipya angani anaandika alichokiona na saa aliyokiona. Nyota yangu ya eneo la mia mbili na nne ilikuwemo. Iliandikishwa miaka minne iliyopita na mwalimu mstaafu mwenye darubini ndogo juu ya paa la nyumba yake.

Nilirudi kwenye daftari nikiwa na kalamu ya risasi. Ilinichukua siku tisa za kula chakula cha mchana nikiwa nimesimama. Si kwamba zote zilikuwa nyota. Nyingine zilikuwa hitilafu kweli, za waya na za unyevu, na namba 12 ilikuwa buibui. Lakini ishirini na mbili zilikuwa nyota. Namba 41, ambayo nilikuwa nimeandika imejirekebisha yenyewe kwa sababu ilififia baada ya wiki saba, ilikuwa nyota iliyolipuka kwenye galaksi ya mbali. Wenzetu wa nchi nyingine waliiona siku mbili baada yetu, na hadi leo wanaiandikia vitabu. Sisi tuliipiga picha ya kwanza kabisa duniani, tukaipangusa kwa kitambaa.

Kumi na tisa kati ya hizo ishirini na mbili zina majina ya watu wengine. Tatu hazimo popote. Ziliwaka, mtu mmoja tu akaziona, na mtu huyo akaandika kwamba kamera imepona. Hizo tatu haziwezi kurudishwa.

Siku hiyohiyo nilijiandikisha kwenye rejesta. Hawakuniuliza cheti. Waliuliza jina, anwani ya barua pepe na kifaa ninachotumia. Kisha nikaogopa, nikaiacha hivyohivyo.

*

Nilipotoka ofisini kwa Mkurugenzi niliteremka karakana yangu na daftari jekundu, nikakaa mbele ya picha za jana usiku. Zilikuwa tatu: ya saa tatu usiku, ya saa sita, na ya saa tisa. Kati ya picha na picha darubini husogezwa kidogo kwa makusudi. Hitilafu ya kamera hubaki palepale kwenye picha, maana imo ndani ya kamera. Nyota husogea pamoja na majirani zake. Doa langu lilisogea na majirani, hatua kwa hatua, kama watoto walioshikana mikono wakivuka barabara. Na ya saa tisa ilikuwa angavu kuliko ya saa tatu. Ilikuwa pembeni mwa galaksi ndogo, na kwenye picha ya siku tatu kabla mahali hapo palikuwa peusi tupu.

Maana yake ilikuwa imelipuka juzi au jana, kwa macho yetu. Nyota ya namna hiyo ina thamani ikiwa changa. Ikitangazwa leo, darubini kubwa zitageuzwa kuitazama usiku huuhuu. Ikisubiri Alhamisi ya mwisho wa mwezi, itakuwa imechuja. Na jua likishatua kwa wenzetu wa upande mwingine, watu kumi wataiona kwa pamoja.

Nami nilikuwa nimeambiwa nifungue kamera saa sita. Kuifungua ni kuipasha joto, kuisafisha, kutoa hewa yote ndani yake na kuipoza tena. Siku tatu. Yaani tungeiona nyota changa na kisha tukajifumba macho wenyewe kwa siku tatu, ili wageni watukute vipofu na kutuonea huruma.

Simu yangu ikalia. Dada yangu.

“Mdogo wangu,” alisema, “hebu mkubalie mume wangu.”

“Ameshakupigia? Si alisema kazini yeye si shemeji?”

“Kanipigia mimi nyumbani. Nyumbani ni shemeji.”

“Anajua kujigawa.”

“Usianze. Anasema ni nyota tu.”

“Nyota tu.”

“Kwani ikiandikwa ni vumbi itazimika?”

“Itazimika hata ikiandikwa ni nyota, dada. Ndiyo maana nina haraka.”

Nilisikia sufuria zikigongana upande wake.

“Usiku hakulala,” alisema kwa sauti ya chini. “Unajua kilichompata enzi zile.”

Nilikijua, taasisi nzima inakijua. Alipokuwa daktari kijana aliitangazia dunia nyota mpya, akapigwa picha na waandishi akiwa ameshika globu ya dunia. Kesho yake ikajulikana ni sayari ndogo inayojipitia zake, iliyoorodheshwa tangu kabla babu yake hajazaliwa. Watu walimcheka mwaka mzima. Alipopata ukurugenzi, kitu cha kwanza alichosaini ni ule waraka. Alitaka asiaibike tena mtu yeyote, hasa yeye, na njia aliyoipata ni kuhakikisha taasisi ya kugundua haigundui.

“Namwonea huruma,” nilimwambia dada.

“Basi saini.”

“Namwonea huruma, nimesema. Sijasema nitamfulia aibu yake kila mwaka.”

“Na ukifukuzwa?”

“Mume wangu ana cherehani mbili.”

“Wewe hujui kushona hata kifungo.”

“Nitajifunza. Kwaheri, kuna kitu kwenye moto.”

Hakukuwa na kitu kwenye moto. Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini.

Nilifungua rejesta. Nilipima mahali pa nyota mara mbili, nikapata namba zilezile. Nilipima mwanga wake kwa kuulinganisha na majirani watano. Nikaandika saa ya picha ya kwanza, na tarehe ya ile picha ya mwisho ambamo mahali hapo palikuwa peusi. Kisha nikaangalia orodha ya sayari ndogo, zile zinazojipitia, nione kama kuna yoyote iliyokuwa njiani jana usiku karibu na hapo. Hakuna. Nikaangalia tena. Hakuna. Nilijisikia kama ninayekagua begi la mtoto kabla ya mtihani: kalamu, rula, kitambulisho, umeenda msalani?

Palikuwa na nafasi ya kuandika jina la taasisi. Niliiruka. Nikarudi, nikaiandika. Kamera ni ya taasisi, na mimi si mwizi. Kwenye cheo nikaandika fundi wa kamera.

Kitufe cha kutuma kilikuwa cha kijani. Kidole changu kilikuwa juu yake nilipomsikia katibu muhtasi akisema mlangoni, “Mama Vumbi, una mgeni.” Nyuma yake alisimama Mkurugenzi, bahasha mkononi. Miaka sita hajawahi kukanyaga karakana. Alitazama sakafu kwanza, kama mtu anayeogopa kukanyaga chombo.

“Umeshaandika?” aliuliza.

“Naandika.”

“Kwenye daftari?”

“Kwenye rejesta.”

Alikuja akasimama nyuma yangu. Alisoma kila safu, midomo ikicheza bila sauti. Nilidhani atanikamata mkono. Aliinama karibu zaidi na kioo, tai yake ikaning'inia juu ya kibodi.

“Umeangalia orodha ya sayari ndogo?” aliuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ofisini wala mezani kwa dada.

“Mara mbili.”

“Angalia tena.”

Niliangalia tena, mbele yake, polepole, nikimwonyesha kila mstari kwa kidole. Hakukuwa na kitu.

“Ikiwa ni kosa,” alisema, “itakuwa jina lako.”

“Jina langu tayari lina makosa sitini na mawili, Mkurugenzi. Yote umeyapiga muhuri wewe.”

“Na nikiitia barua hii tarehe?”

“Itie. Jumatatu wageni watauliza kwa nini umemfukuza fundi wiki aliyoona nyota, nawe utawaeleza. Au usiitie, wakute kamera inafanya kazi. Mimi sichagui kwa niaba yako. Nina langu.”

“Kamati...”

“Kamati iko ng'ambo inazungumzia kasi.”

Katibu muhtasi alikohoa kikohozi kirefu kuliko mafua yake.

Nilibonyeza. Kioo kiligeuka cheupe, kikafikiri, kisha yakatokea maneno kwamba taarifa imepokelewa, pamoja na saa: saa nne kasoro dakika tatu. Hakuna aliyetutangulia. Chini yake palikuwa na jina langu lote, la ubatizo na la baba, ambalo kazini hakuna anayelijua.

“Nipe kalamu yako,” nilimwambia Mkurugenzi.

Alinipa bila kuuliza. Nilivuta daftari jekundu, nikaandika namba sitini na tatu, tarehe, eneo. Kwenye maelezo niliandika: si hitilafu. Kwenye hatua iliyochukuliwa: imetangazwa. Nikasaini. Kisha nikageuza kurasa nyuma hadi namba 17 na kuanza kukata kwa mstari mmoja, ulionyooka, kila mahali palipoandikwa imejirekebisha yenyewe, nikiweka saini ndogo kando, na kalamu yake sikumrudishia mpaka nilipomaliza zote ishirini na mbili.